Mzunguko wa Mont Blanc: Mbio ambazo kasi pekee haitoshi

KILA mwisho wa mwezi wa Agosti, mbele ya kanisa la mji mdogo wa Chamonix nchini Ufaransa, hukusanyika zaidi ya watu 2,000 waliobeba mifuko midogo mgongoni. Huwa ni Ijumaa jioni. Muziki hupigwa, mashabiki hutikisa kengele zile wanazovishwa ng'ombe wa milimani, na umati huo huondoka mbio kupitia barabara nyembamba za mji. Mbele yao huwa kuna safari ya kilomita zipatazo 170 za kuuzunguka mlima Mont Blanc, kupitia Ufaransa, Italia na Uswisi, hadi kurejea pale pale walipoanzia.

Wa kwanza hufika Jumamosi mchana. Wa mwisho hufika Jumapili alasiri, wakati ambapo mshindi amekwisha kulala usiku mzima, akaamka na kustaftahi. Na wapo wengi, mara nyingi thuluthi moja au zaidi ya walioondoka, ambao hurejea Chamonix wakiwa ndani ya basi.

Mashindano haya huitwa Ultra-Trail du Mont-Blanc, au UTMB kwa ufupi. Katika ulimwengu wa mbio za milimani, hakuna yanayotajwa zaidi. Msomaji wa Kenya, aliyezoea kuwaona wanariadha wa nchi yake wakitawala kila mahali penye mbio ndefu, bila shaka atauliza swali moja: wako wapi Wakenya? Tangu mashindano yalipoanzishwa mwaka 2003 hadi yale ya mwaka 2025, hakuna Mkenya, mume kwa mke, aliyewahi kushinda mzunguko huo. Jambo hilo si la aibu, wala si la kubahatisha. Lina sababu zake, na sababu hizo zinaanzia katika umbo la mlima wenyewe.

Tuanze na hesabu. Kilomita 170 ni zaidi kidogo ya umbali wa barabara kutoka Nairobi hadi Nakuru, na ni sawa na marathoni nne zilizounganishwa. Lakini umbali huo ndio ulio mwepesi. Ukijumlisha miinuko yote ambayo mkimbiaji huipanda njiani, utapata mita zipatazo 10,000. Mlima Kenya una kimo cha mita 5,199. Kwa hivyo anayeumaliza mzunguko wa Mont Blanc huwa amepanda kiasi kinachokaribia kuupanda Mlima Kenya mara mbili kutoka ufuoni mwa bahari, na kwa kuwa anaishia alikoanzia, huwa pia ameteremka kiasi hicho hicho. Msomaji aikumbuke hiyo sehemu ya kuteremka, maana tutairudia.

Marehemu Kelvin Kiptum alipoweka rekodi ya dunia ya marathoni ya saa 2:00:35 mjini Chicago mwaka 2023, alikuwa akienda kwa kasi ya kilomita 21 hivi kwa saa. Mshindi wa UTMB mwaka huo huo, Jim Walmsley wa Marekani, alitumia saa 19:37:43, ambayo ni wastani wa chini ya kilomita tisa kwa saa. Kijana yeyote wa shule ya upili anaweza kukimbia kwa kasi hiyo akienda kununua mkate. Wale wa mwisho, wanaofika wakiwa wamekaribia kikomo cha saa 46 na nusu, huenda kwa wastani usiofika kilomita nne kwa saa, yaani polepole kuliko mama anayeenda sokoni. Atakayezicheka takwimu hizo hajaiona njia yenyewe.

Mont Blanc ndio mlima mrefu kuliko yote katika safu ya Alps. Kilele chake hufunikwa na theluji mwaka mzima, na kwa kuwa unene wa theluji hiyo hubadilika, wapimaji hukipima upya kila baada ya miaka miwili. Mwaka 2023 walipata mita 4,805.59. Wakimbiaji hawafiki huko juu. Njia yao hupita chini ya barafu, ikipanda na kushuka kutoka bonde moja hadi jingine kupitia mapito ya mlimani, yaani pale safu ya milima inaposhuka kidogo na kumruhusu mtu kuvuka. Ni njia ya kale. Mwanasayansi wa Geneva, Horace-Bénédict de Saussure, aliuzunguka mlima huo mwaka 1767, miaka 19 kabla ya Jacques Balmat na Michel-Gabriel Paccard kuwa watu wa kwanza kufika kileleni. Siku hizi watalii huutembea mzunguko huo kwa muda wa siku saba hadi kumi hivi, wakilala katika nyumba za wapanda milima zilizo njiani.

Mwaka 2003, kundi la wakazi wa Chamonix, wakiwemo mume na mke, Michel na Catherine Poletti, liliamua kuufanya mzunguko huo kuwa mbio za mkondo mmoja usio na mapumziko. Watu 722 walijitokeza. Hali ya hewa ilichafuka, na waliomaliza walikuwa 67 tu. Mshindi alikuwa Dawa Dachhiri Sherpa, mzaliwa wa Nepal, ambaye baadaye aliiwakilisha nchi yake katika mchezo wa kuteleza kwenye theluji katika Olimpiki za msimu wa baridi. Kwa upande wa wanawake alishinda Krissy Moehl wa Marekani.

Usiku wa kwanza

Kilomita nane za mwanzo, kutoka Chamonix hadi kijiji cha Les Houches, ni za kudanganya. Njia ni tambarare, mashabiki wamejaa pande zote mbili, watoto wananyoosha mikono ili wapigwe viganja, na damu imechemka. Hapo ndipo mamia ya watu huziharibu mbio zao bila kujua, kwa kukimbia kwa kasi ambayo watakuja kuilipia saa kumi na tano baadaye. Kisha mlima wa kwanza huanza, na baada yake mteremko wa kuingia Saint-Gervais, halafu Les Contamines, na giza huwa limekwisha kuingia.

Baada ya kikanisa cha Notre-Dame de la Gorge njia hupanda juu ya mawe ya barabara ya kale kuelekea pito la Bonhomme, zaidi ya mita 2,300 kutoka usawa wa bahari. Anayetazama nyuma kutoka hapo huona msururu wa taa ukijipinda bondeni kama siafu waliowasha mishumaa. Ni mandhari ya kupendeza, lakini ndipo baridi inapoanza kuuma. Mwezi wa Agosti ni kiangazi barani Ulaya. Hata hivyo, juu ya mapito hayo mvua inaweza kugeuka theluji katika muda wa nusu saa. Mwaka 2010 mashindano yalisimamishwa saa chache baada ya kuanza kwa sababu ya mvua kali, na mbio fupi zaidi zikaandaliwa kesho yake kutoka upande wa Italia. Mwaka 2012 theluji iliwalazimisha waandalizi kuibadili njia yote na kuwabakiza wakimbiaji upande wa Ufaransa.

Hii ndiyo maana ya ule mfuko wa mgongoni. Kanuni humtaka kila mkimbiaji, awe bingwa au mtu wa kawaida, abebe koti lisilopenya maji lenye kofia, nguo ya joto, suruali ndefu, glavu, kurunzi mbili pamoja na betri za akiba, blanketi la dharura linalohifadhi joto la mwili, kipenga cha kuitia msaada, simu, chakula, na chombo cha maji cha angalau lita moja. Wakaguzi hutokea popote njiani na kumwamuru mtu aufungue mfuko. Aliyepunguza mzigo ili awe mwepesi huadhibiwa kwa kuongezewa muda au kuondolewa kabisa. Mwanariadha wa marathoni, ambaye hata saa ya mkononi huiona kuwa uzito, huupata mshangao wake wa kwanza hapo.

Pito la Seigne, lenye kimo cha mita 2,516, ndilo mpaka wa Ufaransa na Italia. Hakuna afisa wa uhamiaji, hakuna kizuizi, ila mawe na upepo. Wenye kasi huvuka hapo usiku wa manane. Walio nyuma huvuka alfajiri, wakati mwili unapodai kitanda kwa nguvu zake zote.

Kisha huja Courmayeur, mji wa Italia ulio kwenye kilomita ya 80 hivi. Kwa maoni yangu, hapa ndipo mahali pagumu kuliko pote katika mzunguko, ingawa hapana mlima wowote ndani yake. Wakimbiaji huingizwa katika ukumbi wa michezo wenye joto, hupewa mfuko wa nguo kavu walioutanguliza, na kuandaliwa tambi na supu. Wameketi. Miguu imevimba. Wamefika karibu nusu tu. Na chini ya mlima ule ule wanaouzunguka kuna handaki lenye urefu wa kilomita 11.6, lililofunguliwa mwaka 1965, ambalo basi huweza kulipitia na kuibukia upande wa Chamonix katika muda wa dakika chache. Kwa miguu zimesalia kilomita 90. Si ajabu kwamba orodha ya wanaojiuzulu hurefuka sana katika ukumbi huo.

Anayeamua kuondoka Courmayeur hukabiliwa papo hapo na mlima mkali hadi nyumba ya wapanda milima ya Bertone, halafu hupata malipo yake: njia ndefu iliyo juu ya bonde la Ferret, huku kuta za mawe na barafu za Grandes Jorasses zikiwa ng'ambo ya pili. Kisha huja Grand Col Ferret, pito lenye mita 2,537, ambalo ni mojawapo ya mahali pa juu kabisa katika mzunguko na ndilo mpaka wa Italia na Uswisi. Kutoka hapo njia huteremka kwa kilomita nyingi kupitia La Fouly. Champex, kijiji kilicho kando ya ziwa, huwa kwenye kilomita ya 125 hivi. Baada yake imesalia milima mitatu, mmoja kabla ya Trient, mwingine kabla ya Vallorcine, na wa mwisho kabla ya kuiona Chamonix tena. Kila mmoja ungekuwa mazoezi ya kutosha kwa asubuhi nzima hata kwa mtu aliyelala vizuri.

Kinachovunja mtu

Wengi hudhani kwamba kinachowashinda wakimbiaji ni kupanda. La hasha. Hata mabingwa hutembea kwenye miinuko mikali, wakijisukuma kwa fimbo mbili nyepesi. Kinachovunja miguu ni kuteremka. Mtu anapopanda, misuli ya mapaja hujikunja ili kuusukuma mwili juu. Anapoteremka, misuli hiyo hiyo hulazimika kufanya kazi ya breki: inavuta huku ikirefushwa kwa nguvu na uzito wa mwili, hatua baada ya hatua. Kazi ya namna hiyo huchana nyuzi ndogo ndogo za misuli. Mita elfu kumi za kuteremka humaanisha maelfu ya hatua za breki, na ifikapo kilomita ya 120 kuna watu ambao wangali na pumzi tele, moyo unapiga vizuri, lakini hawawezi tena kushuka ngazi bila kushika ukuta. Dawa yake ni moja tu: kuizoesha misuli hiyo miteremko mirefu kwa miezi mingi kabla ya mashindano. Mazoezi ya barabarani hayatoshi.

Adui wa pili ni tumbo. Sukari iliyohifadhiwa katika misuli na ini hutosha kwa saa chache tu za mbio. Marathoni huishia karibu na mahali inapoishia sukari hiyo. Katika UTMB mwili huhitaji nguvu kwa saa 20, 30 au 40. Mafuta ya mwilini yapo ya kutosha, lakini huchomwa polepole, kwa hivyo mkimbiaji ni lazima ale njiani: jeli tamu, ndizi, supu, mkate na jibini, chochote kinachoweza kumezwa. Tatizo ni kwamba wakati wa mbio damu nyingi huelekezwa miguuni na kwenye ngozi, na tumbo likabaki na damu kidogo ya kusagia chakula. Kichefuchefu hufuata. Anayetapika hupoteza maji na nguvu, anayekosa nguvu hupunguza mwendo, na anayepunguza mwendo usiku katika baridi huanza kutetemeka. Katika mashindano haya kuna wengi walioshindwa na kikombe cha supu kuliko walioshindwa na mlima.

Adui wa tatu ni usingizi. Mshindi hukesha usiku mmoja. Wale wa katikati na wa nyuma hukesha usiku mbili. Katika usiku huo wa pili wakimbiaji wengi husimulia kuona vitu visivyokuwepo: jiwe limegeuka mbwa, mti umegeuka mtu aliyesimama. Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Katika saa ya 35, kwenye mizizi na mawe yaliyolowa, mwenda pole naye hujikwaa, na ndiyo sababu waandalizi huweka saa ya mwisho ya kuondoka katika kila kituo kikubwa. Ukichelewa hata dakika moja, namba yako ya kifuani hubatilishwa. Huo si ukatili. Mlimani, mtu aliyechoka kupita kiasi ni hatari kwake na kwa wanaokwenda kumwokoa. Mwaka 2021 mwanariadha mmoja kutoka Jamhuri ya Cheki alianguka na kufariki katika TDS, mojawapo ya mbio nyingine zinazoandaliwa katika juma hilo hilo.

Ukizingatia hayo, hutashangaa kuona ni watu wa namna gani walioshinda. Marco Olmo wa Italia, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda cha saruji, alishinda mwaka 2006 akiwa na umri wa miaka 57, kisha akarudia mwaka 2007 akiwa na miaka 58. Mwaka uliofuata alishinda Kilian Jornet, Mhispania wa miaka 20 aliyelelewa katika nyumba ya wapanda milima. Naye alitwaa ushindi tena mwaka 2009, 2011 na 2022, mwaka ambao alikuwa mtu wa kwanza kuumaliza mzunguko kamili chini ya saa 20. Ni mchezo gani mwingine wa kukimbia ambao taji lake hupokezwa kutoka kwa mzee wa miaka 58 hadi kwa kijana wa miaka 20? Mwaka 2024 alishinda Vincent Bouillard, mhandisi wa kampuni ya viatu ambaye hakuwa miongoni mwa waliotajwa kuwania ushindi. Mwaka 2025 ilikuwa zamu ya Mwingereza Tom Evans.

Wanawake nao wameandika historia yao. Lizzy Hawker wa Uingereza alishinda mara tano kati ya mwaka 2005 na 2012. Courtney Dauwalter wa Marekani alishinda mwaka 2019, 2021 na 2023, na mwaka 2021 alikuwa wa saba miongoni mwa washiriki wote, wanaume kwa wanawake. Mwenzake, Katie Schide, alitumia saa 22:09:31 mwaka 2024.

Hata hivyo, mfano unaoeleza mengi zaidi ni wa Walmsley, niliyemtaja hapo awali. Huyu alikuja Chamonix akiwa na sifa ya kuwa mwepesi kuliko wote katika mbio za maili 100. Huko California, katika mbio za Western States ambazo njia zake ni laini na miteremko yake ni mirefu ya kukimbilika, aliweka rekodi ya saa 14:09:28 mwaka 2019. Kwenye mzunguko wa Mont Blanc kasi hiyo haikumfaa. Mwaka 2017 alikuwa wa tano. Mwaka 2018 alijiuzulu njiani. Mwaka 2021 alijiuzulu tena. Mwaka 2022 alihama nchi yake na kwenda kuishi katika kijiji cha milimani nchini Ufaransa, si mbali na Mont Blanc, akazoea kupanda kwa kutembea, kuteremka kwenye mawe, na kwenda kwa mbao za theluji wakati wa baridi. Mwaka huo alikuwa wa nne. Mwaka 2023 akawa Mmarekani mwanamume wa kwanza kushinda. Miaka sita ilipita tangu jaribio la kwanza hadi ushindi, na katika muda huo alichojifunza si kukimbia upesi zaidi.

Wakenya na milima

Turudi sasa kwenye swali letu. Si kweli kwamba Wakenya hawaijui Alps. Katika mbio fupi za milimani wamekuwa wakivuma kwa miaka mingi. Lucy Wambui Murigi alikuwa bingwa wa dunia wa mbio za milimani mwaka 2017 huko Premana, Italia, na akaulinda ubingwa huo mwaka 2018 huko Andorra. Mwaka 2023, mashindano ya dunia yalipofanyika katika eneo la Innsbruck, Austria, Patrick Kipngeno alishinda mbio za kupanda mlima. Mwaka huo huo Philemon Kiriago alishinda Sierre-Zinal, mbio maarufu za Uswisi za kilomita 31 zilizoanzishwa mwaka 1974, ambazo zina mwinuko wa mita 2,200 hivi.

Hapana budi kutaja pia doa lililopo. Mwaka 2022, waliofika wa kwanza katika mbio hizo za Sierre-Zinal, mwanamume na mwanamke, wote walikuwa Wakenya, na wote wawili walipokonywa ushindi baadaye baada ya kupatikana na chembechembe za dawa zilizopigwa marufuku. Jambo hilo liliwaumiza wasiokuwa na hatia, kwani tangu hapo kila Mkenya anayejitokeza milimani hutazamwa kwa jicho la kuuliza.

Hewa nyembamba, ambayo wengi wangeitaja kwanza, si kizuizi kwa Mkenya. Iten, kitovu cha mazoezi yetu ya riadha, uko kwenye kimo cha mita 2,400 hivi. Pito la Grand Col Ferret, ambalo Mzungu kutoka pwani hulifikia akihema, limeuzidi mji huo kwa mita mia moja na ushei tu. Kupanda si tatizo pia, kama alivyoonyesha Kipngeno. Pengo limo katika yale mambo matatu: kuteremka, kula na kukesha. Mkimbiaji wa marathoni wa Bonde la Ufa hufanya mazoezi marefu yasiyozidi sana kilomita 40, kwenye barabara za udongo, akiwa katika kundi, alfajiri, bila mfuko na bila kurunzi. Mazoezi hayo yamempa mataji ya dunia, na hakuna sababu ya yeye kuyaacha. Lakini hayamfundishi mapaja yake kushika breki usiku wa manane.

Na kwa nini ajifunze? Hapa ndipo lilipo jibu la kweli, nalo ni la mfukoni. Evans Chebet na Hellen Obiri waliposhinda marathoni ya Boston mwaka 2023, kila mmoja alitia kibindoni dola 150,000 kwa kazi ya saa mbili na ushei. Katika UTMB, mashindano 15 ya kwanza hayakuwa na zawadi ya fedha kabisa. Ilianza kutolewa mwaka 2018, tena ndogo, na ingawa imeongezwa tangu hapo, haijakaribia ya Boston. Bingwa wa milimani huishi kwa mkataba wa kampuni ya viatu au ya mavazi, na kampuni hizo humtafuta mtu ambaye wanunuzi wa Ulaya na Marekani wanamfahamu. Isitoshe, mwili unaotoka kwenye UTMB huhitaji wiki nyingi kabla ya kushindana tena. Kijana wa Kapsabet mwenye ndugu wanne wa kulipiwa karo anapopiga hesabu hizo, huchagua lami, nami simlaumu hata kidogo.

Kuna gharama nyingine pia. Kuna viza. Kuna nauli. Kuna kulala Chamonix, mji wa watalii ambamo bei za vyumba hupanda mno katika juma la mashindano. Kuna haja ya msaidizi wa kumngojea mkimbiaji katika vituo vichache vilivyoteuliwa akiwa na chakula na nguo kavu. Na hakuna anayejiandikisha hivi hivi: sharti kwanza ashiriki mbio nyingine za msururu huo huo katika nchi mbalimbali, ajikusanyie alama, kisha aingie katika bahati nasibu, isipokuwa wale wa daraja la juu wanaofuzu kutokana na matokeo yao.

Kwa hivyo mlango ulio wazi zaidi kwa Wakenya si mzunguko wenyewe bali ndugu zake wadogo. Katika juma hilo hilo huandaliwa OCC, mbio za kilomita zipatazo 60 zinazoanzia Orsières nchini Uswisi, na CCC, za kilomita 100 hivi, zinazotoka Courmayeur na kuufuata upande wa pili wa mzunguko hadi Chamonix. OCC humalizwa mchana, kwa muda ambao haumlazimishi mtu kupambana na usingizi, na kasi bado ina thamani kubwa ndani yake. Wakenya wa mbio za milimani wameanza kuonekana huko katika miaka ya hivi karibuni. Anayetaka kupanda kutoka OCC hadi CCC, na kutoka CCC hadi mzunguko kamili, atahitaji miaka kadhaa, mdhamini mwenye subira, na miteremko mirefu ya kufanyia mazoezi. Hiyo ya mwisho tunayo tayari: kutoka Iten hadi bonde la Kerio ni mteremko wa zaidi ya mita elfu moja, wenye njia za mawe ambazo wachungaji na mbuzi wao huzipita kila siku.